Kenchi Kumi na Moja za Mbalizi

Tangu nirudi Mbeya, kila ninayekutana naye ananiuliza paa la mama limefikia wapi, na kila mmoja nimemjibu kivyake. Majirani niliwaambia limekwisha. Wenzangu wa chuoni niliwaambia ni habari ndefu. Mke wangu nilimwambia nimechoka. Majibu yote matatu ni ya kweli na hakuna hata moja linalotosha, kwa hiyo nawaandikia wote hapa, mara moja, nisije nikaulizwa tena katikati ya harusi ya watu.

Mbalizi

Mnajua kwamba namjengea mama nyumba kijijini kwetu Iringa, mbele kidogo ya Kalenga. Ile ya zamani ya tofali mbichi ina ufa unaoanzia dirishani na kushuka hadi sakafuni, na kila mvua zikinyesha unapanuka. Mama analala kwenye chumba hicho hicho chenye ufa, wala hataki kuhamishiwa kwa jirani. Niliapa kwamba mvua za mwaka huu hazitamkuta humo. Hilo ndilo lililonitoa Mbeya: kupaua kabla ya mvua. Oktoba ilikuwa inaishia na mawingu yalikwisha anza kujikusanya kila mchana.

Kuta zilisimamishwa na mdogo wangu Lazaro, anayekaa na mama, pamoja na fundi wa kijijini anayeitwa Kasiani. Ramani nilichora mimi. Sikusomea ujenzi, nilisomea historia, lakini mtu akishakaa chuo kikuu miaka kadhaa huanza kuamini kwamba chochote kinachochorwa kwa rula anakiweza. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, na baraza pana upande wa kulia. Hata kaburi la baba, lililo pembeni mwa kiwanja, nililichora: kisanduku kidogo chenye msalaba, na kati yake na baraza nikaacha futi tano. Nilijisifu sana kwa futi tano hizo.

Kwa kuwa sikumwamini Kasiani na tepu yake, na tuseme ukweli, sikumwamini sana Lazaro pia, niliamua kenchi, ile mifupa ya mbao inayobeba paa, zikatwe Mbalizi kwa seremala ninayemfahamu, mbele ya macho yangu. Kenchi kumi na moja. Kila mbao ilikatwa kwa kipimo cha ramani, ikatobolewa matundu ya bolti na kuandikwa namba kwa rangi nyekundu. Kule wangeunganisha tu, bila kufikiri. Nilipenda sana hilo la wao kutofikiri.

Nilimpigia simu Lazaro kumjulisha. Akasema, "Sawa, kaka. Lakini ukija tutaongea."

Alikuwa akisema hivyo tangu Februari. Nikiuliza kuta zimefika wapi, jibu lilikuwa zinaendelea, mama anakusalimia, ukija tutaongea. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa humo humo, nilipaswa kujua. Kwetu jambo zito halisemwi kwenye simu. Mtu anaitwa nyumbani, anasalimiwa, ananawa, anakula, ndipo anaambiwa. Ukimwambia akiwa barabarani anaweza kudhani kuna msiba. Lakini miaka ishirini ya Mbeya imenifanya nisikie maneno hayo kama watu wanavyosikia "karibu chakula" kutoka kwa mtu aliyekwisha maliza sahani. Nilijibu sawa, na sikwenda. Mara ya mwisho kukanyaga pale ilikuwa siku tuliyopima msingi kwa kamba.

Tulipanga kuondoka alfajiri. Dereva wa Fuso, Mnyakyusa mpole anayeitwa Ambakisye, alitokea saa nne, akauzunguka mzigo mara mbili, akasema mbao zimezidi sana nyuma na bila kitambaa chekundu hatufiki hata Uyole. Hakuna aliyekuwa na kitambaa chekundu. Ambakisye akanitazama kifuani.

Nilikuwa nimevaa sweta jekundu ambalo mama alinifumia mwaka nilioingia chuo kikuu. Siku hizi linanibana tumboni, lakini kwa safari za kwetu huwa nalivaa ili mama alione.

"Hilo linafaa kabisa, mwalimu," Ambakisye alisema, akionekana kunihurumia kidogo.

Lilifungwa mikono kwenye ncha ya mbao ndefu kuliko zote. Tukaondoka Mbalizi saa sita mchana, sweta langu likipunga nyuma kama mtu anayeomba lifti.

Chimala

Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya Igurusi. Ambakisye alikuwa na tairi la akiba lakini hakuwa na jeki. Jeki ilikuwa imeazimwa na shemeji yake wa Tukuyu, na shemeji, alieleza kwa utulivu, ni mtu ambaye humdai kitu mpaka umkute nyumbani. Tulikaa kando ya barabara karibu saa mbili. Malori ya Zambia yalipita yakituyumbisha kwa upepo. Hatimaye dereva mmoja alisimama, akatuazima jeki, akakaa kwenye kivuli cha gari letu akila karanga na kutupa maelekezo ambayo hatukuyaomba.

Kwa hiyo chakula cha mchana kilikuwa saa kumi na moja, Chimala, kwenye banda la mama mmoja aliyekuwa amebakiza wali na maharage. Wali wa Usangu hata ukipoa unanukia. Aliuliza yale mabao yetu yanakwenda wapi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na njaa na nahitaji kusifiwa, nikamweleza yote: nyumba, ufa, mama, choo cha ndani.

"Mama mwenyewe ameiona hiyo ramani?" akauliza.

Nikamwambia nilimtumia Lazaro picha kwenye simu. Nikaongeza kwamba mama hajui kusoma ramani.

Yule mama akaniongezea maharage. "Wa kwangu naye ananijengea," akasema. "Kila akipiga simu anataka nifurahi." Kisha akaenda kuosha sufuria, na mimi nikabaki nikiamini kwamba nimesifiwa.

Makambako

Tuliingia Makambako giza linaanza na tukalala hapo. Asubuhi tulisimama kwenye foleni ya mzani nyuma ya malori kama thelathini. Mnaoijua Makambako asubuhi mnajua ule upepo. Nilikuwa na shati la mikono mifupi. Sweta langu lilikuwa mita nane nyuma yangu, likiwa kazini.

Nilimwomba Ambakisye tulifungue kidogo maadamu tumesimama. Akasema kusimama kwenye foleni si kusimama. Akanipa gunia lililokuwa na viazi, nikajifunika mabega, na hivyo ndivyo nilivyopimwa pamoja na mbao zangu: mwandishi wa makala kuhusu maendeleo ya vijijini, akinuka udongo wa Njombe.

Mafinga

Hapa ndipo inabidi niungame jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha ligundua. Mbao za Mbalizi hazioti Mbalizi. Nyingi zinatoka Mafinga. Misonobari ile ile inayopandwa Mufindi na kupasuliwa Mafinga ndiyo inayopakiwa kwenda Mbeya, ndiko mimi nilikoinunua, ndiko ilikokatwa, na sasa nilikuwa nairudisha kwa gharama yangu kupitia mbele ya mashine zilizoipasua. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Nililipa jina la kitaalamu: udhibiti wa ubora.

Ambakisye alisimama kwa wauza mbao kutafuta kamba, maana moja yetu ilikuwa imelika. Ghafla walikuwa wamelizunguka gari watu watano sita, wote wakizitazama mbao.

"Mzee, unazirudisha?" mmoja akauliza. "Zilikukosea nini?"

Mwingine akakagua zile namba nyekundu. Akasema wamezipa hadi namba, kama wafungwa. Wa tatu, mtu mzima mwenye penseli sikioni, hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye mbao moja, akaniuliza kama nyumba nimeipima mwenyewe baada ya kuta kusimama. Nikamjibu ramani ninayo.

"Kwetu hatukati kenchi kabla ya kupima ukuta," akasema. "Ramani haibebi bati."

Nilimshukuru kwa ule ubaridi tunaoutumia chuoni kwa mtu aliyeuliza swali zuri kwenye semina. Tukanunua kamba, tukaondoka. Waliendelea kucheka hadi tulipopotea. Nililiona hilo kwenye kioo, nyuma ya sweta.

Mlandege

Mjini Iringa tulipanda hadi Mlandege, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Kanji. Babu yake alitoka India. Yeye hajawahi kutoka Iringa zaidi ya wiki mbili, na Kihehe chake kinawashinda wanangu wote. Tulisalimiana kamwene kwa kamwene, tukaulizana habari za nyumbani. Nilikuwa nimefuata misumari ya bati na bolti za kenchi. Mabati nilikuwa nimeyalipia kwake tangu Januari, Lazaro akayachukua. Nikamwomba anithibitishie idadi, kwa ule ule udhibiti wa ubora.

Mzee Kanji akafungua daftari, akavuta kidole chini ya mstari. Mabati kumi yalirudishwa, akasema. Mdogo wako alibadilisha, akachukua simenti na nondo.

Nikauliza simenti ya nini, wakati simenti ya nyumba nzima nilikwisha ilipia.

Akanitazama juu ya miwani. "Lazaro hajakwambia?"

"Hajaniambia."

Akalifunga daftari taratibu. Ungedhani amemwona mtu akipita bila nguo. "Basi utafika, utanawa, utakula, watakwambia," akasema. "Kunywa chai kwanza."

Sikunywa chai. Ilikuwa wazi kwangu. Kwa mtu aliyesoma, mabati kumi yanayogeuka simenti katika nyumba isiyohitaji simenti yana maelezo ya aina moja tu, na nusu ya Mlandege ilikuwa inayajua isipokuwa mimi. Ile "ukija tutaongea" ya miezi minane ikajifunua yote: Lazaro alikuwa ananiibia, akipima namna ya kuniambia.

Kutoka mjini hadi kijijini si mbali. Inatosha kutunga hotuba. Niliitunga yenye utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Ambakisye aliniuliza kama naumwa.

Nyumbani

Walitusikia kabla hatujafika. Lazaro alikuja akikimbia, na nyuma yake Kasiani na majirani wawili watatu wa kusaidia kushusha. Mama alitoka taratibu, akiwa amejifunga khanga yake ya kanisani, ya kupokelea wageni. Alinisalimia. Lazaro akanyoosha mikono yote miwili kunipokea begi.

Sikumpa begi, wala sikuitikia salamu. Nilikuwa naitazama nyumba. Baraza halikuwepo. Ukuta wa kulia, ule niliouchora kwa rula, ulikuwa umesogea ndani, na nyumba nzima imekuwa nyembamba, kama mtu aliyeugua.

Hotuba yangu haikutoka. Hoja tatu ziliyeyuka, likabaki neno moja. Nilimuuliza mabati kumi yako wapi, simenti ameiuza wapi, na kabla hajafungua mdomo nikamwita mwizi. Nililisema mbele ya majirani, mbele ya dereva mgeni, sijanawa hata mikono.

Mama alikuwa nyuma ya gari. Alikuwa ameliona sweta na alikuwa analifungua mikono, polepole, kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi. Aliacha kufungua. Halafu akaendelea.

Lazaro alishusha mikono. "Kula kwanza, kaka," akasema.

Walikuwa wamechinja jogoo. Tulikula ugali, jogoo na mboga ya maboga, na Ambakisye peke yake ndiye aliyesifia chakula. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi la pili. Tulipomaliza, Lazaro alikusanya vyombo yeye mwenyewe akatoka navyo. Kazi ya kuniambia alimwachia mama.

Mama akanichukua hadi ubavuni mwa nyumba, kwenye kaburi la baba. Alikuwa amelishika sweta langu mkononi, limejaa vumbi, mkono mmoja umechanika.

"Ule ukuta wako ulikuwa umekaa mahali pangu," akasema.

Sikuelewa, ikabidi anionyeshe kwa kidole. Upande wa pili wa baba amelala bibi, mama yake baba. Kichwani ni mpaka wa jirani, miguuni ni njia. Mahali palipobaki ni upande huu, kati ya baba na nyumba. Lazaro alipomwonyesha ramani yangu kwenye simu, mama alitafuta kile kisanduku chenye msalaba, akakipata mara moja, akaona hakuna kingine pembeni yake. Asiyejua kusoma ramani alikuwa mimi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kujitetea kwa vipimo. Nikasema niliacha futi tano, na futi tano zinatosha.

"Zinatosha," mama akasema. "Na maji yote ya paa yananidondokea mimi. Nimelala kwenye nyumba inayovuja tangu niolewe. Na huko tena?"

Yaliyobaki nilielezwa na Kasiani, maana Lazaro hakurudi. Msingi wa kulia ulikuwa umekwisha mwagwa zege mama alipouliza. Lazaro aliubomoa. Akauchimba upya futi saba ndani, peke yake, jioni baada ya shamba, kwa karibu mwezi mzima. Baraza likafa, na mabati ya baraza yakarudishwa dukani ili ipatikane simenti na nondo za msingi mpya. Hakutaka kuniomba zaidi. Hakutaka kuniambia kwenye simu kwamba mama anatafuta mahali pa kaburi lake. "Alisema ungeshtuka, ukiwa huko darasani," Kasiani aliniambia. Habari za kenchi za Mbalizi Lazaro alizipata mbao zikiwa tayari zimetobolewa.

Juu ya kuta

Kenchi zote kumi na moja zilikuwa ndefu kwa futi saba. Hakukuwa na namna nyingine ila kuzikata na kuzitoboa upya. Kasiani alipima ukuta kwanza, kila mahali, kwa ile tepu yake niliyoidharau. Ilikuwa nzima, namba zote zinasomeka. Kisha akauliza nani atashika msumeno. Nikasema mimi.

Kwa siku mbili nilikata mbao nilizozivusha mikoa mitatu, Mbeya, Njombe na Iringa, ili zije kukatwa. Zile namba nyekundu zilianguka moja moja kwenye maranda. Malengelenge yalipasuka kiganjani siku ya kwanza saa tano asubuhi. Lazaro alikuwa juu ya ukuta, akipokea na kugonga. Aliniambia maneno manne kwa siku mbili: lete, shikilia, shusha, basi. Mawingu yalikuwa yanashuka kila mchana, na kila mchana yaliondoka bila kunyesha, kana kwamba yanatusubiri.

Siku ya tatu tuligonga mabati. Jioni paa lilikuwa limekamilika, na nikaona kwamba limekaa vizuri. Maji yake yatadondoka mbali.

Zilibaki mbao nane za fisha bodi, zile pana za kuzibia ukingo wa paa, nilizozinunua kwa ajili ya baraza ambalo halipo. Ndizo zilikuwa mbao nzuri kuliko zote: pana, zimerandwa, hazina hata fundo. Kasiani akasema zinafaa kabati. Jirani mmoja akauliza kama zinauzwa.

Mama akaja, akazipitia kwa mkono moja baada ya nyingine, kama yule mtu wa Mafinga. Akazirudisha mbili. "Hizi sita zisiguswe," akasema. "Ziingizeni ndani, ziwekeni uvunguni mwangu. Zisinyeshewe."

Hakuna aliyeuliza za nini. Kasiani alijifanya anatafuta nyundo. Lazaro aliteremka kwenye ngazi, akazifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akashika upande mmoja. Nikashika upande wa pili. Tuliziingiza tatu tatu kwenye chumba kipya, ambacho kilikuwa bado hakina hata kitanda, tukazilaza pale ambapo kitanda kitakaa. Alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilitaka kusema jambo. Akatoka.

Mbeya

Nilirudi kwa basi. Wakati wa kuagana nilimwomba Lazaro radhi, kwa haraka, mlangoni, dereva wa bodaboda akiwa ameshawasha pikipiki. Alisema, "Safari njema, kaka." Mama alinipa sweta. Alikuwa amelifua na kulishona ule mkono kwa uzi wa buluu, kwa sababu mwekundu haukuwepo.

Mvua ilinyesha siku ya tano baada ya mimi kurudi. Nilipiga simu, mama akasema amehamia, amelala pakavu, ukuta wa zamani umeanguka kipande saa ile ile ya alfajiri ambayo huwa yumo. Hilo ndilo mnalotaka kusikia, na ni kweli. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu ufa.

Nikaomba niongee na Lazaro. Nikamwambia kwamba kule mlangoni sikusema vizuri, kwamba lile neno nililisema mbele ya watu na nataka kuliondoa. Nikasikia mvua ikigonga bati langu la Mlandege.

"Ukija tutaongea," akasema.

Naenda Ijumaa. Mke wangu ameuliza nibebe nini, nikamwambia sibebi kitu. Nitashuka Iringa, nitapita Mlandege kunywa ile chai ya Mzee Kanji, na nikifika nyumbani nitaitikia salamu, nitanawa, na nitakula kwanza.